Nilimzika Kukhu kwa Maombi ya Chakula

Najua mtacheka hata nikiwakataza, kwa hivyo chekeni mmalize halafu niwahadithie. Mimi ndiye yule kijana aliyemzika nyanya ya watu akiwa ameketi kwenye kochi anasubiri kuku. Hadi leo nikipita kule Kongo, Kawangware, kuna mama muuza sukuma anayeitwa Mama Brayo, akiniona tu anaacha kukata mboga, anashika kiuno na kuwaambia wateja wake kwamba huyo ndiye aliyemliza bure. Namsalimia na kupita haraka.

Mimi naishi Lindi, Kibera, na kazi yangu ni kukodisha spika. Ukiwa na krusedi au mkutano unaniita, nakuja na spika zangu, jenereta na maikrofoni, naunganisha nyaya, halafu nakaa pembeni nikihakikisha chombo hakipigi mluzi. Lakini kazi nyingi zaidi huwa ni za matanga, kwa sababu sisi watu wa Magharibi ya Kenya mtu wetu akifia Nairobi lazima arudishwe nyumbani, na kabla ya safari watu hukutana jioni baada ya jioni kuimba, kuomba na kupanga mambo ya gari. Kwa hivyo maombi nimesikia (nadhani nimesikia mengi kuliko wachungaji wenyewe, kwa sababu wao huomba na kwenda, mimi nabaki na anayefuata). Nilidhani basi kwamba najua kuomba.

Sasa, nilikuwa na msichana wangu, Nekesa, fundi wa kushona sare za shule, na nilitaka kumwoa. Nekesa alilelewa na nyanya yake, Kukhu kama tunavyoita kwetu, tangu akiwa mdogo kabisa, kwa hivyo baba ni Kukhu, mama ni Kukhu, na mahakama ya rufaa pia ni Kukhu. Huyo Kukhu alikuwa ametoka Bungoma kuja kutibiwa kifua Nairobi, akalazwa, na alipotoka hospitalini akafikia Kawangware kwa Senge Rosa, yaani shangazi yake Nekesa. Nikaambiwa niende Jumamosi mchana nikaonwe. Nekesa alinionya mapema kwamba Kukhu hataniuliza kuhusu shamba wala gari, atataka tu kujua kama mimi ni mtu wa maombi, na akanisihi nikae kimya, nile, nijibu nikiulizwa, maombi nimwachie Senge.

Ningemsikiliza, leo singekuwa na hadithi.

Nilifika nimevaa koti la kuazima. Nyumba za ploti ile ni za mabati, zimetazamana, na zimekaribiana hivi kwamba ukikohoa chumba cha kwanza unapewa pole kutoka cha mwisho. Kukhu alikuwa kwenye kochi nyuma ya mlango, mdogo, amejifunga leso mbili, macho makali. Tukanawa mikono, kuku akaja na ugali wa wimbi, na Senge Rosa alikuwa ameshainamisha kichwa aombe, nami kwa kiherehere changu nikasema, "Senge, tafadhali, niruhusu mimi."

Nikasimama (nani husimama kuombea kuku?), nikafumba macho, nikatafuta sauti ya chini kabisa, ile ya wachungaji wa makamo, inayotoka tumboni. Nikaanza vizuri. Nikashukuru kwa pumzi, nikashukuru kwa paa juu ya vichwa vyetu, na nikasikia Kukhu akisema amina. Ile amina ndiyo iliniharibu. Nikajiambia, endelea, mzee, umeweza. Ila maneno yalikuwa yameisha, na mtu akiishiwa na maneno ulimi unakwenda ulikozoea kwenda, na wangu umezoea matanga.

Nikasikia mdomo wangu ukisema tumekusanyika mbele zako Bwana tukiwa na mioyo mizito. Nikaomba Nekesa afarijiwe, Senge Rosa afarijiwe, familia yote ipanguswe machozi. Nikasema wewe ndiwe uliyetupa Kukhu na sasa umependa kumwita. Niliposikia nimetaja jina lake nilijua kuna mahali nimepotea, lakini kurudi nyuma katikati ya maombi niliona ni aibu kubwa zaidi, na nyumba ilikuwa imenyamaza kabisa nikadhani wameguswa. Nekesa akanivuta suruali. Nikadhani ananitia moyo, nikapandisha sauti. Nikamwombea dereva wa gari la kumsafirisha Kukhu, nikaombea magurudumu, nikaombea kile kipande cha barabara cha kule milimani chenye kona mbaya, na nikamalizia kwa kuomba wote tukakutane naye asubuhi ile njema. Amina.

Nikafungua macho. Kukhu alikuwa ananiangalia, mikono yake iliyonawa ikiwa bado hewani.

"Kijana," akaniuliza polepole, "nimekufa saa ngapi?"

Kabla sijapata jibu tukasikia ukemi nje. Mama Brayo alikuwa akikata sukuma pale mlangoni, alijua Kukhu alikuwa mgonjwa, na sasa amesikia maombi ya mazishi kwa masikio yake mwenyewe. Ungefanya nini? Akatupa kisu akalia akiita jina la Kukhu, na ploti nzima ikamwitikia. Mlango ukasukumwa, ukamfunika Kukhu na kochi lake kabisa, wakaingia wanawake na leso vichwani wakamwangukia Nekesa shingoni. Nekesa alikuwa anacheka. Alikuwa amefunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na kila alivyozidi kucheka ndivyo walivyozidi kumkumbatia wakimwambia alie tu, alie, asijizuie.

Senge akawa anapiga kelele kwamba jamani hajafa, nao wakamshika mkono wakisema ndivyo huwa mwanzoni, mtu hukataa. Simu yake ikalia. Ilikuwa ni kakake, kutoka Bungoma (msiniulize habari ilifika aje, labda kuna mtu alipiga akikimbia), anataka kujua mwili uko mochari gani.

"Hakuna mwili, anakula," Senge akamwambia.

Nikasikia sauti ya yule mzee mpaka pale niliposimama, "Rosa, usinifiche. Mimi ni mwanaume, niambie tu ukweli."

Hapo nikaona ni mimi niliyeharibu na ni mimi wa kutengeneza. Nikatoka nje. Viti vya plastiki vilikuwa vimeshaanza kupangwa, nikapanda kimoja, nikaita watu kwa ile sauti yangu ya tumboni, nao waliponiona na koti wakajua ni pasta. Wanaume wakavua kofia. Ua mzima ukatulia kunisikiliza, na mimi nilipoyaona macho yale yote nikasahau nilichotaka kusema. Nikasema, "Jamani, Kukhu..." na sauti ikakatika hapo. Basi. Walilia upya, na safari hii hata wanaume.

Ni kelele hiyo iliyomtoa Kukhu nyuma ya mlango. Alitoka na mkongojo wake, akasimama kizingitini, akauliza nani amekufa hapa kwetu. Mama Brayo alikimbia hadi barabarani kabla kichwa hakijaiambia miguu kwamba ni salama. Wengine waliganda, halafu mtu mmoja akacheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Kukhu akaketi kwenye kiti cha matanga yake mwenyewe, akawashukuru waliomlilia, akawaambia wawili fulani kwamba amewasikia wakilia lakini machozi hajayaona.

Mimi sikucheka. Niliingia ndani kuchukua simu yangu niende. Nilijua nimempoteza Nekesa, na iliniuma kifuani, kwa sababu ni nani atakayempa mjukuu wake mtu aliyemwombea mazishi? Nikapita kando ya kile kiti nikiwa nimeinamisha kichwa, mkongojo ukanizuia njia.

"Unaenda wapi na chakula hakijaombewa?"

Nikamwambia, "Kukhu, Senge ataomba."

"Nimesema wewe. Hiyo sauti ulitoa wapi?"

"Ni ya kazi, Kukhu. Huwa nasikia wakiomba hivyo."

"Basi wachia wenyewe. Omba na yako. Hata kama ni ndogo, anasikia."

Wakaleta chakula pale nje. Ploti yote ilikuwa inaniangalia, na sikuwa na sentensi hata moja ya kuazima. Nikafumba macho na kusema, "Mungu, nimeogopa sana na nimeharibu. Asante juu Kukhu ako hai. Nampenda Nekesa na sijui kujieleza. Bariki hii kuku. Amina." Yalikuwa hayo tu. Yalitoka kwa sauti nyembamba yenye kutetemeka, na nilipomaliza nilikuta natokwa na machozi.

Kukhu alivuta sufuria, akachokora mchuzi kwa kijiko mpaka akaipata firigisi, ile ambayo kwetu hawekewi mgeni wa kupita bali mwanaume wa nyumba, akaiweka kwenye sahani yangu. Senge Rosa alipiga kigelegele. Nekesa ndipo akaanza kulia kweli.

Tulioana. Na niliapa, na nimeshika kiapo, kwamba sitaomba tena kwa sauti ya mtu mwingine, hata nikiwa na maneno manne pekee. Kukhu alirudi Bungoma kwa basi, mzima, na huwa ananipigia simu wakati wowote, mara nyingi nikiwa katikati ya watu nafunga spika, aniulize kama nimeomba leo. Nikimwambia bado, hanigombezi. Anasema tu, "Haya, tuombe," halafu ananyamaza pale kwenye simu akinisubiri hadi nianze.