Mate Yangu Kwenye Jiwe la Watu

Tulikuwa wanne siku ile: mimi, mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa amepasuliwa moyo, mama mjane aliyetupangisha chumba karibu na hospitali huko India, na dereva wa gari la kukodi, asiyejua Kiswahili hata neno. Hao watatu wote waliniona.

Mjane yule Mhindi alizaliwa Shinyanga mjini, nyuma ya duka la baba yake, akahamia India akiwa msichana. Siku tuliyobisha hodi kwake, mimi na mgonjwa na begi moja, alitutazama akasema, "Mwangaluka!" Kusikia salamu ya Kisukuma huko ugenini, nililia pale pale mlangoni. Tangu hapo tulikula kwake. Mdogo wangu alipoingizwa kwenye upasuaji, mama wa watu alifunga siku mbili, akaweka nadhiri: binti akipona, atampeleka mwenyewe kumshukuru mungu wake mwenye kichwa cha tembo, katika mji wa wafalme wa kale ambao sasa ni magofu.

Mimi ni Mkristo, nadhiri hiyo haikuwa yangu. Lakini binti alipona, na daktari alipomruhusu kusafiri, tulikwenda.

Nilidhani nitaona nchi ngeni. Nikakuta majabali yamepandana kama ya kwetu Usukumani.

"Dada, tumerudi Shinyanga?" mdogo wangu akauliza.

"Ndiyo," mjane akadakia, "ila huku usithubutu kuulizia supu ya ng'ombe. Watatufukuza sote!"

Sanamu ya mungu huyo ilikuwa ndani ya ukumbi wa nguzo, imechongwa katika jabali moja, ndefu kuliko nyumba yetu ya Kalangalala, Geita. Tumbo lake lilikuwa limemeguka. Mjane alivua viatu, akamshika mdogo wangu mkono, wakasimama mbele yake. Akafumba macho.

Mimi naponda mawe Geita tangu nilipoacha darasa la sita, tulipowazika wazazi, wadogo watatu wakabaki mikononi mwangu. Jiwe lililomeguka silipiti bila kulikagua. Pale tumboni niliona mshipa mweupe, wa aina ile ambayo kwetu watu huifuata hadi chini ya ardhi wakitafuta dhahabu. Nikatema mate kidoleni, nikausugua uonekane vizuri. Sikuridhika. Nikatoa ufunguo, nikakwangua, unga nikaukinga kiganjani.

Nilipogeuka, wote walikuwa wananitazama. Dereva akainamisha uso.

"Unatafuta nini, mwanangu?" mjane akauliza.

"Naangalia tu, mama."

"Ipo?"

"Haipo."

"Hata wa zamani hawakuikuta," akasema. "Wazee wetu husimulia kwamba mji ulipoanguka, watu walilivunja tumbo hili wakidhani limejaa hazina."

Hakupandisha sauti. Alisogea, akashika ncha ya sari yake, akayafuta mate yangu taratibu mpaka jiwe likakauka. Nikabaki nimesimama na ule unga mkononi, sijui niumwage wapi.

"Dada, omba radhi," mdogo wangu akaninong'oneza.

Nikasema, "Twendeni, safari ni ndefu."

Njiani mjane alifungua chakula alichobeba, akanipa mimi kwanza. Nilikula huku natazama dirishani.

Nimelea watoto watatu bila kumpigia mtu magoti, na zamani nilijisifu kwa hilo. Sasa najua ule haukuwa uhodari mtupu. Kuna kitu sikujifunza.

Tangu turudi nyumbani, kila Jumapili mjane hupiga simu kuuliza kidonda cha mdogo wangu, kisha huniulizia mimi, nami huashiria kwa mkono kwamba sipo. Jumapili iliyopita mdogo wangu alichoka kunidanganyia, akanibandika simu sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe u mzima? Nilidhani umehama dunia."

Nikamwuliza habari za miguu yake. Nikamweleza mvua zilivyochelewa. Akasubiri kidogo, kama mtu anayejua kuna neno linakuja. Nikamwambia salio linaisha, ingawa aliyepiga ni yeye.

Lile neno la radhi, ambalo ni lake, bado ninalo.