Miche ya Kyela

Mume wangu alipohamia kwangu alikuja na begi moja la nguo na ndoo tatu zenye miche ya kakao. Begi alimwachia kondakta aliweke chini ya basi. Ndoo alikaa nazo miguuni, nyingine akaipakata, kutoka Kyela mpaka Dodoma, na aliposhuka stendi akanipa begi nimsaidie kubeba. Ndoo hakunipa.

Tulioana tukiwa watu wazima, mimi mjane, yeye ameachana na mkewe. Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa imehamia Dodoma. Mimi ni mzaliwa wa Haneti, kijiji cha huku huku Dodoma, lakini nyumba ya mjini niliijenga mwenyewe, na nyuma yake nilikuwa na bustani ya mlenda na bamia. Hapo ndipo alipopaona panafaa. Nilikwenda kwetu msibani, niliporudi nikakuta bustani imeng'olewa yote, nguzo zimesimamishwa, nailoni na wavu wa kijani vimetandazwa juu. Ndani kulining'inia magunia ambayo ilibidi yaloweshwe asubuhi na jioni, maana upepo wa huku unakausha hata mate mdomoni. Akaniambia kile ni kitalunyumba. Nikamwuliza mlenda wangu uko wapi.

"Mama, usikasirike," akasema. "Kakao na mlenda ni ukoo mmoja. Na bamia, na pamba, hata mbuyu. Wote ni ndugu."

"Kama ni ndugu, mbona mmoja kajengewa nyumba na mwingine kang'olewa?"

Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Maji kwetu ni ya mgao, na yakitoka, kakao ndiyo iliyotangulia kunywa. Nilikuwa naoga kwa kujibana, nusu ndoo, huku namsikia upande wa pili wa ukuta akinyunyizia majani na kuyasemesha. "Jua limewaumiza jana, eti? Poleni." Mimi niliugua mgongo muda mrefu, akaniambia ninunue dawa ya kuchua. Jirani yangu, mama wa Kikondoa anayeuza vitenge, akawa ananisalimia kila asubuhi kwa sauti: "Shoga, wake wenzio wameamkaje?" Mwanzoni nilicheka naye. Baadaye nikawa nachungulia kwanza kama yuko nje kabla sijafungua mlango.

Hata hivyo, wivu wa mti ningeumeza. Kilichokuwa kinanikaba ni kwamba ile miche ilitoka mkononi mwa mke wake wa kwanza. Walipoachana hawakugombana, yule mwanamke akabaki kwenye shamba la kakao na watoto wao, na ndiye aliyechagua mbegu na kuziotesha. Namba yake kwenye simu ya mume wangu imeandikwa "Shamba". Shamba ikipiga, mume wangu anatoka nje kuongea. Waliongelea ada za watoto, mvua na bei ya kakao, hilo nalijua kwa sababu nilikuwa nasikiliza dirishani. Lakini alikuwa anacheka, kicheko kile cha mtu aliyejuana na mwenzake tangu ujana, na kwangu hajawahi kucheka hivyo.

Miti ilipofika kimo cha mtu, kustaafu kwake kulikuwa kumekaribia. Tukiwa tunakula alisema, bila hata kuniangalia, kwamba ameamua kuiachia kakao imwamulie. Ikizaa Dodoma, na yeye atazeekea Dodoma. Ikikataa, atajua kwao kunamwita, na mimi nitafikiria kama nataka kumfuata. Kumfuata wapi? Kwenye shamba lile lile, nikapokelewe na yule mwanamke?

Kuanzia hapo nikawa nawaombea uzima wale niliokuwa nawachukia. Maua yakatoka. Maua ya kakao hayakai kwenye ncha za matawi. Yanachomoza kwenye shina lenyewe, madogo, meupe yenye wekundu kidogo. Mume wangu alinivuta mkono nikaone, na nakiri ni mazuri, jambo lililoniuma zaidi. Kesho yake yalikuwa chini. Yakatoka mengine, nayo yakaanguka. Mimi nikawa nayafagia.

Hapo niseme kitu kuhusu kufagia. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mwanamke anajulikana kwa uwanja wake, na kwangu hulikuti jani. Kitalunyumba nilikifagia kila alfajiri mpaka udongo ukawa kama sakafu. Watoto wake walikuwa wanakuja likizo, wanapiga picha na kutuma kwa mama yao, na sikutaka yule mama aseme miche yake inalala kwenye takataka.

Maua yakaendelea kuanguka. Mume wangu akapunguza maneno. Nikamsikia kwenye simu akiulizia bei ya mabati Kyela, na siku hiyo nilijua ninaachwa.

Jumapili alipokwenda kanisani alisahau simu yake mezani. Niliitafuta "Shamba", nikainakili namba, nikaenda kukaa kitalunyumbani kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikapiga kwa simu yangu. Yule mwanamke ni mkubwa kwangu kwa umri, kwa hiyo hakuna namna, ilibidi nianze kwa shikamoo. Ilitoka kwa shida.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema nilipojitambulisha. Mdogo wangu! Kama vile ndiye aliyenioa.

Nikamweleza habari ya maua. Akaniuliza swali moja tu.

"Huwa unafagia humo?"

"Kila siku, dada."

"Basi ndiyo maana. Kuna vijidudu vidogo kuliko visubi, vinazaliwa kwenye majani yanayooza. Hivyo ndivyo vinavyotoa unga kwenye ua hili kupeleka lile. Wewe unavifagia na nyumba yao. Acha uchafu ukae, mama. Tafuta migomba, ikatekate, iache ioze chini ya miti. Na ile nailoni ipandishe kidogo kwa chini, wadudu wapate pa kupita."

Nilishukuru. Ningeweza kukata simu nikiwa na heshima yangu, lakini mdomo wangu haukukubali.

"Dada, unajua kwamba ikizaa hatarudi huko?"

"Najua. Aliniambia."

"Sasa mbona unanisaidia?"

Akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile, sasa nikakisikia upande wa pili.

"Mdogo wangu, mimi nimeshazoea kulala kitanda kizima. Kaa naye huko huko."

Nilikwenda sokoni kwa wauza ndizi, nikarudi na kiroba cha mikungu mitupu na majani ya migomba. Mume wangu aliuliza uchafu ule ni wa nini, nikamwambia nimechoka kufagia. Kitalunyumba kikaanza kunuka. Kwenye uozo ule ukachipua mlenda, nadhani mbegu zangu za zamani zilikuwa zimelala ardhini, ukaota mpaka kwenye mashina ya kakao. Aliinama aung'oe. Nikamwambia akigusa hata jani moja ataniona.

Matunda yalishika kwenye mvua za mwaka huo. Mume wangu aliita majirani waje waone alivyoifundisha kakao kuishi Dodoma, na jirani wa vitenge akanikonyeza. Sikumwambia mume wangu habari ya ile simu. Nilishapata nilichokitaka, na nilitakiwa nifurahi. Badala yake nilikasirika kwamba miaka yote nimemlinda mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamwiba.

Sasa amestaafu. Akishanyunyizia miti yake anaingia ndani kulala mchana, mikono huku na miguu kule, kitanda chote chake. Mimi nakaa pembeni kwenye kipande kilichobaki, nakunja kanga zangu, na namwonea wivu mwanamke wa Kyela.