Korosho Nane

Mwalimu wetu wa kemia pale Kaloleni alitembea na korosho mfukoni, na hakuna aliyewahi kumwona akila hata moja. Alizipanga mezani kwa vidole vyeupe vya chaki: zilizobanguliwa zilikuwa protoni, zenye maganda nyutroni. "Namba ya chini ni protoni," alisema kila somo kwa sauti yake ya upole. "Itoe kwenye ya juu, upate nyutroni." Kisha huuliza, "Nani hakubali?" Hakuna aliyejibu, mkubwa hakosolewi, ndivyo tulivyolelewa.

Siku moja, mwaka wa themanini na tatu, aliandika ubaoni alama ya kaboni, kumi na nne juu, sita chini. Kwa mazoea ya ile kaboni ya kumi na mbili, akapanga zenye maganda sita. "Nani hakubali?" Mbeyu, msichana wa Vitengeni asiyesema darasani, akasimama. "Samahani, mwalimu. Ni nane." Sote tukaitazama bakora iliyoegemea ubao. Mwalimu akahesabu, akaongeza korosho mbili, akampa Mbeyu chaki. Kisha akaenda kuketi mahali pa Mbeyu, akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "naomba urudie hapo."