Mwalimu wa Hesabu na Amri ya Nane

Habari za kifo chake nilizipata kwa jirani aliyekuwa ametoka misa ya asubuhi huko Gitothua. Alizitaja kwa kifupi, katikati ya maongezi kuhusu mvua iliyochelewa: yule mwalimu mzee wa hesabu amefariki, anazikwa Alhamisi. Sikulia. Hatukuwa marafiki, na kuna miaka ambayo sikutaka hata kumsalimu. Lakini nilipokaa kuandika safu hii, nilijikuta namwandika yeye.

Alitufundisha hesabu na sayansi katika chuo cha ualimu cha mapadre, nje kidogo ya Thika, miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipambana na Mau Mau. Alikuwa Mkatoliki wa kufunga na kusali, ila darasani hakuhubiri. Alifanya ishara ya msalaba, akageukia ubao. Siku moja alitupa kazi ya kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Kitabu kilisema maji huchemka kwenye digrii mia moja, nasi sote tukaandika mia. Akakusanya madaftari, akayapitia akiwa amesimama. "Nani kati yenu ameiona hiyo mia?" Akayaweka madaftari mezani. "Mimi nimeona tisini na tano. Thika iko juu, hewa ni nyepesi, maji huchemka mapema. Mngeligundua hilo wenyewe kama mngeyaamini macho yenu." Mmoja wetu akajitetea kwamba kitabu hakiwezi kukosea. "Hakikukosea. Kinazungumzia usawa wa bahari. Wewe ndiye uliyeshuhudia ambacho hukukiona, na hiyo ni amri ya nane: usishuhudie uongo. Haibaki kanisani ukiingia maabara." Tulicheka. Digrii tano zilikuwa dhambi ndogo mno kwa vijana wa umri wetu.

Mwaka uliofuata hatukucheka. Mwenzetu mmoja, hodari wa hesabu kuliko sote, alikuwa na mama mgonjwa katika kijiji kipya ambako watu walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu, karibu na Ruiru. Alasiri moja, baada ya mapumziko ya saa kumi, alitoroka bila pasi ya kusafiria kwenda kumwona. Jioni hiyo hiyo ghala la kahawa la mzungu mmoja wa huko likateketea. Kesho yake askari wakaja kumchukua. Ofisa wao akasema atamwachilia kama mwalimu wake ataandika kwamba kijana alikuwa chuoni mpaka usiku. Padre mkuu alimwita mwalimu ofisini. Mimi nilikuwa barazani nikingoja zamu yangu ya kuhojiwa, na mlango haukufungwa.

"Mwalimu, unajua kijana hana hatia."

"Naamini hana, Padre. Lakini nilimwona hadi saa kumi tu."

"Basi andika alikuwa hapa. Mungu anaijua nia yako."

"Nitaandika alikuwa hapa hadi saa kumi, na kwamba namwamini. Baada ya hapo sikuona kitu."

Akaandika hivyo. Kijana akapelekwa kizuizini, akakaa karibu miaka miwili. Mama yake alifariki kabla hajarudi.

Sisi wanafunzi tuliacha kumwitikia salamu. Alikuwa akiingia, anafanya ishara ya msalaba, anafundisha kana kwamba tumemwitikia. Mwenzetu alipoachiliwa, chuo kilikataa kumpokea tena. Hapo ndipo mwalimu alipoanza kupanda baiskeli kila Jumamosi, kutoka Thika hadi Ruiru, na vitabu vyake vimefungwa nyuma, ili amwandae kufanya mtihani kama mtahiniwa wa nje ya chuo. Jumamosi tatu kijana alikataa kutoka nyumbani. Mwalimu alikaa uani hadi saa sita, akarudi zake. Ya nne alitoka. Kijana mwenyewe alinisimulia baadaye walivyozungumza.

"Mwalimu, ulitakiwa kuandika mstari mmoja tu."

"Najua."

"Leo ungeuandika?"

"Sijui. Kila siku namwombea mama yako, na bado sijui. Haya, fungua aljebra."

Walisoma pamoja zaidi ya mwaka mmoja. Alifaulu, akawa mwalimu wa hesabu, na Alhamisi nilimwona miongoni mwa waliobeba jeneza.

Siku hizi naalikwa vyuoni kusikiliza mijadala ya namna ya kuingiza imani katika masomo ya sayansi. Watu hutaja sala ya kufungua kipindi na msalaba ukutani. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi nilimwona mtu ambaye imani yake na vipimo vyake vilikuwa kitu kimoja, na haikuwa picha ya kupendeza. Ningekuwa yeye, ule mstari ningeuandika bila kusita, na mpaka leo sioni kama ningekosea. Lakini nimewajua wengi wanaojivunia kusema kweli, wakishaisema huenda zao kupumzika, na mzigo wake wakamwachia mwingine. Yeye hakupumzika. Anayesema ukweli unaomuumiza mwenzake bado ana kazi moja mbele yake: kumsaidia kuubeba.