Kinachogonga Ndani ya Pipa

Fadhiya ni fundi wa mota, na watu wa Mji wa Kale hulikumbuka hilo mtu akifa tu. Siku za kawaida ukiharibikiwa na pampu utampelekea mwanamume, hata yule wa Tudor anayeunguza kila anachokishika, bora ana ndevu. Lakini mke akifiwa na kukaa eda, mwanamume wa kando haingii ndani kwake. Sasa friji imegoma, pangaboi halizunguki, joto la Mombasa halina huruma na mfiwa. Hapo ndipo simu ya Fadhiya inapolia: "Mwanangu, wewe ndiye yule binti wa fundi, wa Majengo?"

Ndiye. Kazi aliirithi kwa babake, na kibanda pia, na mkebe uliojaa bushi za mapangaboi yaliyokufa, ambazo hatupi hata moja. Kuitwa wa mwisho kulimuuma zamani. Siku hizi anachukua kazi, anatengeneza, anaondoka. Nyumba za eda amezizoea: mapazia yameshushwa, kila mtu anaongea chini chini kana kwamba marehemu amelala chumba cha pili. Hazimtishi. Ila ya Bi Mwanabaraka.

Alifika baada ya adhuhuri, wakati vichochoro vimelala na paka wamelala. Mlango ulifunguliwa na Kadzo, mtumishi wa nyumba ile. Fadhiya alimjua Kadzo mnene, mwenye maneno, asiyeweza kupita kibandani bila kumtania mtu. Huyu aliyesimama mlangoni alikuwa mifupa na leso.

"Unaumwa?"

"Siumwi, dada. Sili tu."

"Huli kwa nini?"

Kadzo alitupa jicho kwenye ngazi. "Wanangoja tumbo langu livimbe. Nikila likatoka mbele kidogo, watasema ndiyo yale."

Fadhiya hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana mtaa mzima ulikuwa ukilizungumza. Mzee Abdulbasit, mume wa Bi Mwanabaraka, alipokufa, pete yake ya akiki haikuwa kidoleni. Ilikuwa pete ya babu yake. Ilitafutwa kitandani, ikatafutwa mpaka ndani ya gunia la mchele. Aliyekuwa akimtandikia mgonjwa ni Kadzo, basi macho yote yakamgeukia Kadzo. Bi Mwanabaraka hakwenda polisi wala hakumfukuza. Alisubiri wee, pete haikutokea, mwishowe akamtuma nduguye kwa maalim, na Ijumaa moja ya mwezi uliopita ikasomwa halbadiri, dua ya kumwapiza mwizi. Watu wanaamini aliyeiba asiporudisha, tumbo humjaa mpaka limuue. Wanaamini na jingine, ambalo mtu akishapandwa na hasira hapendi kukumbushwa: ukimsomea asiye na kosa, inageuka njiani na kumrudia aliyeituma.

Kabla hajamaliza ngazi Fadhiya aliisikia mashine aliyoitiwa. Mngurumo mzito, wa kukwamakwama, kama mtu mwenye kifua anayepanda mlima. Na ndani ya mngurumo kitu kinagonga. Ka. Kinanyamaza. Ka.

Bi Mwanabaraka alikuwa ameketi mkekani, tasbihi mkononi, ubavuni mwa meza. Juu ya meza ndiyo hiyo mashine: mota ndogo, mkanda, na pipa la mpira ukubwa wa mkebe wa samli, linajizungusha taratibu. Mtoto wao aliye ng'ambo alimpelekea babake alipostaafu kazi yake ya ukarani gatini Mbaraki. Mzee alikuwa na wazimu wa mawe. Ayaokote, ayatie ndani ya pipa na maji na unga mkali kama msasa, pipa lizunguke usiku na mchana, majuma kwa majuma, mpaka yatoke laini yaking'ara. Kwenye kila dirisha la nyumba ile kuna sahani ya mawe, na hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nini.

"Pole na msiba, bibi."

"Nishapoa, mwanangu. Nitengezee hino tu."

"Tuizime kwanza."

"Haizimwi."

Fadhiya alidhani anataniwa. Hakutaniwa. Siku ya mwisho aliyoweza kuinuka, mzee alijaza mawe, akalifunga pipa kwa mikono yake, akamwambia mkewe: usiizime wala usiifungue mpaka niseme. Alfajiri yake akafa. Hajasema. Basi mashine inazunguka tangu siku hiyo. Stima ikipotea inasimama, na Bi Mwanabaraka huziba masikio mpaka stima irudi na pipa lianze tena lenyewe.

"Bibi, mota haifunguliwi ikiwa yazunguka. Itanikata vidole."

Bi Mwanabaraka alisogeza punje tatu za tasbihi. "Basi fanya upesi."

Fadhiya alichomoa waya. Mngurumo ukafa. Pipa likajiviringisha robo, likatulia, na baada ya kutulia, ndani yake kitu kikagonga mara moja. Ka. Bi Mwanabaraka akainamisha kichwa kama mtu aliyeitikiwa salamu.

Alitoa mota na kuifungua. Kosa lilionekana hata bila miwani. Bushi, zile pete mbili za shaba zinazoshika mhimili, zilikuwa zimelika upande mmoja, mhimili unacheza kama jino bovu. Na kila mahali kulikuwa na kitu cheusi, kigumu, kinachonukia.

"Umeitia mafuta gani?"

"Ya nazi. Safi, nimekamua mwenyewe."

"Na udi je, wafukiza humu?"

"Kila Alhamisi jioni. Kwani chumba cha mume wangu kisifukizwe?"

Mafuta ya nazi na moshi wa udi vilikuwa vimepikika kwa joto la mota mpaka vikawa halua. Hakuna mota duniani inayoweza kuzunguka ndani ya halua. Fadhiya alikwangua, akaosha kwa mafuta ya taa, akaingiza mkono mkebeni kutafuta bushi ya kipimo.

"Ilianza kulia hivi lini?"

"Jumamosi ile," alisema Bi Mwanabaraka.

"Jumamosi asubuhi," alisema Kadzo, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Ijumaa ilisomwa, Jumamosi ikaanza kuumwa."

"Basi mwizi ni mota," Fadhiya alisema.

Ilikuwa mzaha wa kibandani. Hakuna aliyecheka. Bi Mwanabaraka aliacha kuhesabu tasbihi, na Fadhiya akatamani angeumeza ulimi wake.

Bushi mbili za pangaboi la msikiti fulani ziliingia kama zilizaliwa humo. Akazilowesha mafuta ya cherehani, akafunga, akajaribu. Mota ilizunguka bila sauti, ungeweza kuisahau. Sasa imebaki kulirudisha pipa. Alilinyanyua, na hapo mikono yake ikamwambia jambo. Pipa lilikuwa na uzito, lakini hakuna mawe yaliyoyumba ndani. Akalitikisa karibu na sikio. Chakacha ya tope, kisha ka.

"Mzee alitia mawe gani humu?"

"Marumaru. Na vipande vya matumbawe."

"Hayo ni mawe laini, bibi. Yamekwisha. Muda wote huu wazungusha tope."

"Na kinachogonga?"

Fadhiya alilitikisa tena, taratibu.

"Ndiye," alisema Bi Mwanabaraka, sauti ya kawaida kabisa, kama anayekwambia ni nani yuko msalani. "Nikimwita hugonga. Mwanzo mawe yalikuwa na kelele, simsikii. Siku hizi namsikia vizuri."

Fadhiya alilitua pipa sakafuni. Angeweza kulirudisha pipa, akachukua haki yake akaenda zake. Ni kazi, imekwisha. Lakini Kadzo alikuwa amesimama pale, leso imemzunguka mara mbili na nusu.

"Yataka kufunguliwa hii, bibi."

"Hajasema."

"Hatasema."

"Hajasema, mwanangu."

Kadzo aliingia chumbani. Hakuomba ruhusa. Alipiga magoti, akalikumbatia pipa mapajani.

"Ndoo kwangu hapa, we Kadzo. Wenda wapi na mikono yako hiyo?"

"Nafungua, bibi. Mimi nishasomewa. Kitakachonizidi ni nini?"

Kifuniko kilitoka kwa kishindo cha pumzi. Harufu ya udongo wa kaburini ikajaa chumba, ule udongo wa ndani, mbichi. Kadzo alitia mkono wote kwenye tope la kijivu, akapapasa huku amefumba macho. Alipoutoa, alikuwa ameshika kitu kiganjani, akakimiminia maji ya kopo.

Ilikuwa pete. Fedha yake imelika mpaka imekuwa nyembamba kama uzi, imepinda, na meno yaliyoshika jiwe hayapo tena. Akiki yenyewe imetoka, imelala peke yake katikati ya kiganja, nyekundu, imetakata kuliko siku yoyote ilipokuwa kidoleni. Ilifanana na jicho lililotoka kulia.

Fadhiya aliuliza taratibu, "Mzee alikuwa amekonda?"

"Vidole vilibaki vijiti," alisema Bi Mwanabaraka.

Mkono wenye utelezi, kidole kijiti, pete ikaachia ndani ya tope, na mwenyewe akaifungia kwa mikono yake. Kisha mkewe akailinda mashine isizimwe, kila siku pete inasagika, na huku anamtafuta mwizi.

Kadzo aliiweka akiki mkekani, mbele ya magoti ya bibi yake. Akanyanyuka akaenda jikoni. Baada ya kitambo wakasikia kijiko kinakwangua chungu cha wali, kinakwangua haraka, bila adabu yoyote.

"Niiwashe?" Fadhiya aliuliza.

Bi Mwanabaraka hakuitazama mashine wala jiwe. Tasbihi ilikuwa imeanguka. Mkono wake ulikuwa tumboni.

"Ile dua," alisema. "Yarudishwa vipi?"

"Mimi ni fundi wa mota, bibi."

Baadaye, siku moja ya soko, Kadzo alipita Majengo, akaketi kwenye benchi la kibanda na mahamri yake kwenye gazeti. Mashavu yalikuwa yameanza kurudi. Fadhiya alimuuliza habari za nyumbani.

"Bibi hali chakula. Asema tumbo limemjaa."

"Maalim mmemwita?"

"Amekuja. Kamwambia aniombe radhi mimi, litakwisha."

"Ameomba?"

"Bado. Kila siku aniita juu. Nasimama mbele yake, aniangalia weee, mdomo wafunguka. Kisha aniambia nimletee maji."

"Na ile mashine?"

"Tumechomoa waya, tumeifunika shuka. Yeye asema bado yagonga."

Fadhiya aliweka bisibisi chini. "Na wewe waisikia?"

Kadzo alitafuna kwanza, akameza, akafikiri.

"Nikiwa nala," alisema, "siisikii."