Raba ya Baba Mkwe

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa na kazi ambayo nikiwaeleza watu wa nyumbani waliona nawadanganya. Nilikuwa nabeba filamu. Sinema moja ya katikati ya jiji na nyingine ya Parklands zilikuwa za tajiri mmoja, naye hakuona kwa nini akodi nakala mbili za filamu ilhali mimi nina pikipiki. Filamu ilianza kuonyeshwa mjini. Sehemu ya kwanza ikiisha, niliitia kwenye mkebe wake, nikaufunga mkebe nyuma ya kiti na kuukimbiza Parklands, ambako watu walikuwa wamekwisha kuketi wakitazama matangazo ya sabuni. Kisha nilirudi mbio kuchukua sehemu ya pili. Wale waliokaa kule gizani wakila karanga hawakujua kwamba wimbo wanaousubiri umesimama kwenye taa za barabarani, nyuma ya kijana mmoja kutoka magharibi mwenye koti la mvua lililochanika.

Kwa hiyo pikipiki yangu ikizima, ukumbi mzima ulizima nayo. Na ikaanza kuzima.

Haikuzima ikiwa mwendoni, la. Ikishakolea ilikwenda vizuri kabisa. Ubaya wake ulikuwa kwenye kuondoka. Ukiipiga teke inawaka, inasimama pale ikinguruma kwa adabu zote. Tia gia, achia klachi, ongeza mafuta kidogo, inakohoa mara moja na kufa. Taa zimegeuka kijani, magari yanakupigia honi, nawe unapiga mateke katikati ya barabara kama mtu anayegombana na mbuzi. Mimi sikuumbwa na subira. Niliitukana ile pikipiki kwa lugha zote nilizozijua, na nyingine nilizozisikia kwa madereva wa malori.

Mara ya kwanza nilichelewa kidogo, nikasamehewa. Mara ya pili kitambaa cha sinema kilibaki cheupe, watu wakapiga miluzi na kukanyaga sakafu kwa viatu, na meneja akanisubiri mlangoni. Hakupaza sauti. Alinieleza tu kwamba Jumamosi alasiri familia nzima nzima zingekuja, mabibi na wajukuu, na kwamba kikibaki cheupe tena, kazi yangu ataifanya mpwa wake mwenye gari. Nilirudi Waithaka, tulikokuwa tunakaa, nikiwa na hasira na hofu pamoja, maana nilikuwa nimeoa juzi tu, na ile kazi ndiyo iliyokuwa nyumba yangu.

Sasa lazima nieleze kuhusu baba mkwe.

Alikuwa amekuja kutoka kwao kutibiwa macho, akakaa nasi. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi ya kushona viatu vya matairi maisha yake yote, na kisu chake chenye ncha ya kupinda kilikata raba kama wengine wanavyokata mkate. Alikuwa pia mtu wa desturi za zamani. Kwao, mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani ovyo. Tuliongea kupitia kwa mke wangu, hata tukiwa tumekaa chumba kimoja. Mzee alisema, "Muulize mume wako kama amekula," nami nikamwambia mke wangu amwambie baba kwamba nimekula, na mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba habari imetoka mbali.

Jumapili moja, kabla ya matatizo haya, nilikuwa nimeifungua kabureta kuisafisha, kwa sababu vumbi jekundu la Waithaka huingia hata kwenye yai. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, hukaa ubavuni mwa injini, na kati yake na injini kuna gasketi, kipande chembamba cha karatasi ngumu kinachoziba ili hewa isiingie. Ikanichanikia mkononi. Maduka yalikuwa yamefungwa. Mzee alikuwa ameketi mlangoni akiona yote, akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, akapima kwa jicho lake bovu, akakata. Duara safi, tundu la katikati, matundu mawili ya bolti mahali pake hasa. Mke wangu alinikabidhi kwa mikono miwili. Nilifunga, nikapiga teke, ikawaka, na kwa siku chache za mwanzo pikipiki haikuwahi kuwa nzuri hivyo. Nilijisifu kazini kwamba nimeoa kwa mafundi.

Ndiyo maana pikipiki ilipoanza kuzima, nilichunguza kila mahali isipokuwa pale. Nilifungua plagi nikaikuta nyeupe kama jivu badala ya kahawia. Nilinunua nyingine, ikawa nyeupe vilevile. Nilisafisha kile kitundu kidogo cha kupitishia petroli kwa unywele wa ufagio. Nilisugua platini, vile vibati vinavyoipa plagi cheche. Nilizungusha skrubu ya hewa kulia, nikairudisha kushoto. Kisha nikagundua kwamba nikivuta choki, ile ya kubana hewa, pikipiki inaondoka, ikinung'unika lakini inaondoka. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa hapo hapo kwamba kuna hewa inaingia isipotakiwa. Mimi niliamua ni petroli mbaya.

Ijumaa niliipeleka River Road kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda nyuma ya duka la misumari. Naye alikuwa mtu wa magharibi, tuliheshimiana. Akaisikiliza, akavuta choki, akaachia, akatazama plagi.

"Hii kitu inakunywa hewa," akasema. "Huku kwa kabureta nani alifunga?"

Nikamwambia, nikishusha sauti, kwamba gasketi ile ilikatwa na baba mkwe.

Fundi alikuwa ameshaishika spana. Akaiweka chini. Akafuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja, akaitazama pikipiki kama mtu aliyeambiwa ina ugonjwa wa kuambukiza.

"Baba mkwe mwenyewe? Yule alizaa bibi yako?"

"Ndiye."

"Basi hiyo mimi siwezi gusa. Enda umalizane nayo nyumbani."

Hakutaka hata malipo. Watu wengine wangecheka, lakini mimi sikumlaumu, maana ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Kufungua kazi ya mkwe ni kumwambia mbele za watu kwamba hajui. Niliondoka River Road nimevuta choki, moshi mweusi ukinifuata.

Usiku huo nilimweleza mke wangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba mimi naogopa wakwe kuliko njaa. Kisha akasema kesho asubuhi nitamwomba baba ruhusa, na yeye atalibeba neno hilo jinsi anavyobeba mengine.

Jumamosi, baada ya chai, mzee aliketi kwenye kigoda chake uani. Niliisukuma pikipiki mpaka mbele yake. Nikamgeukia mke wangu aliyesimama katikati yetu na birika mkononi.

"Mwambie baba naomba ruhusa kufungua kazi yake."

Akamwambia. Mzee alitazama ukuta wa jirani kwa muda mrefu. Kuku walipita. Nilikuwa tayari kusema basi, acha tu, nitatafuta kazi nyingine.

"Mwambie mume wako," mzee akasema, "kazi ikishatoka mkononi mwangu si yangu tena. Afungue."

Nilifungua. Ile raba haikuwa tena duara. Ilikuwa imevimba, imelegea, ukingo mmoja umekunjamana na kutokeza nje, na palipokunjamana pameacha mwanya unaoonekana kwa macho. Hewa ilikuwa inapita hapo kama watu kwenye lango la soko. Niliiweka kwenye kiganja cha mke wangu, naye akaiweka kwenye kiganja cha baba yake. Mzee aliifinya. Aliinusa. Akaisogeza karibu na jicho lake zima.

"Muulize, petroli inakula raba?"

"Mwambie baba, inaila."

Nilimwonea huruma, kwa sababu mtu huyu raba ilikuwa imemlishia watoto, na sasa ilikuwa imemgeuka mbele ya mkwewe. Kisha akanyoosha mkono na kuuliza kupitia kwa binti yake kama kuna karatasi ngumu ndani ya nyumba.

Ilikuwepo moja, tangazo la sinema lililopigwa chapa kwenye kadi nzito, nililokuwa nimelitundika juu ya kitanda. Lilikuwa na mwigizaji mrembo ambaye mke wangu hakuwahi kumpenda. Alilileta haraka kuliko nilivyotarajia. Mzee akaliweka kwenye goti, akachomoa kisu, akakata kwenye bega la yule mrembo. Duara safi, matundu mawili. Nikalipaka oili pande zote, nikafunga, nikakaza bolti kidogo huku kidogo huku.

Teke moja. Ikawaka. Niliacha choki mahali pake, nikatia gia, nikaachia klachi, na pikipiki ikaondoka bila kukohoa. Nilizunguka ua, nikawatawanya kuku, nikatoka nje mpaka kwa jirani na kurudi. Nilisimama makusudi, nikaondoka. Nikasimama tena, nikaondoka tena. Nadhani nilikuwa naimba.

Alasiri hiyo nilipokea sehemu ya kwanza mjini na kushuka nayo upande wa mto. Nilipokuwa nikiupanda mlima wa makumbusho, askari wa barabarani akainua mkono. Ilibidi nisimame kwenye mpando, mkebe mzito nyuma, basi limenibana mgongoni. Siku nyingine zote hapo ndipo ningefia. Askari akashusha mkono. Niliachia klachi na pikipiki ikapanda kama vile imekuwa ikisubiri kuombwa vizuri, nami nikaliacha basi nyuma, nikayaacha na magari yaliyokuwa yakinipigia honi wiki nzima.

Parklands walikuwa bado kwenye matangazo ya sabuni. Nilimkabidhi mtu wa mtambo mkebe, na kwa mara ya kwanza nikachungulia ukumbini. Mwanga ukagonga kitambaa, rangi zikajaa, na mabibi na wajukuu wakashusha pumzi kwa pamoja. Nilitamani kuwaambia wote kwamba ni mimi. Nilirudi kuchukua sehemu ya pili, nikafika nayo mapema, na meneja akaniletea soda kwa mkono wake mwenyewe. Suala la mpwa wake halikutajwa tena, siku hiyo wala baadaye.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu ya miti. Mzee alikuwa amekaa mlangoni. Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba akichambua mboga.

"Ilikubali?" mzee akauliza.

Niligeuka kumtafuta mke wangu, kwa mazoea. Hakuwepo. Mzee alikuwa ananitazama mimi, usoni, kwa lile jicho zima na lile bovu.

"Ilikubali, baba."

"Hata mlimani?"

"Hata mlimani. Nilisimamishwa katikati ya mpando, ikaondoka."

Akainuka, akafunga vifungo vya koti lake vyote, akaijia pikipiki. Akasema nimpeleke mpaka barabara kubwa, asikie mwenyewe. Nilipiga teke. Alipanda nyuma kwa shida na kushika chuma cha kiti kwa mikono miwili, akijitenga na mgongo wangu kadiri alivyoweza. Mke wangu alitokea na sufuria, akatuona, akabaki amesimama pale pale.

"Chuma hicho kitakuangusha, baba," nikamwambia. "Nishike mimi."

Kisha nikasikia mikono yake, migumu ya kisu na raba, ikinizunguka kiunoni na kushika kwa nguvu. Nikaachia klachi, na pikipiki ikatubeba sote wawili.