Kamba ya Pili ya Upinde

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Mimi huandika polepole.

Nilipoomba kazi ya utarishi stesheni ya Tabora, Mzungu mmoja aliniuliza maana ya msemo wa kwao: mtu kuwa na kamba mbili za upinde. Nikamkumbuka baba yangu kule Usoke, haendi kuwinda bila kamba ya akiba kiunoni, ya kwanza isije ikakatika.

"Ni kama mama yangu, bwana," nikajibu kwa Kiswahili. "Analima mtama na muhogo. Mvua ikikataa mtama, tunakula muhogo."

Akacheka. "Ndiyo hasa! Njoo Jumatatu, uanze kazi."

Nje nilikaa chini, nikapumua.

Kwenu msemo wa namna hii husemwaje? Niandikieni, nitajibu taratibu.